Jinsi ya Kuombea Jambo Moja kwa Muda Mrefu Bila Kukata Tamaa

Kuna maombi yanayojibiwa kabla hujafika nyumbani kutoka kanisani. Mwongozo huu unahusu yale mengine: mume asiyeacha pombe, mimba isiyoshika, kijana aliyepotelea mjini na simu hapokei, ugonjwa uliorudi baada ya kuambiwa umekwisha, kazi iliyoombwa hadi vyeti vikachakaa ndani ya bahasha. Mwanzoni uliomba kwa machozi. Sasa unalitaja jambo hilo haraka haraka mwishoni mwa sala, au umeacha kulitaja kwa sababu kila ukilitaja linakuuma upya.

Ninaamini kwamba imani huonekana kwenye kurudi. Mtu aliyeomba jana asipate, akarudi leo kwa Mungu yule yule na ombi lile lile, huyo anaamini, hata kama moyo wake umekauka na hasikii chochote. Hatua zifuatazo ni za kumsaidia mtu wa namna hiyo aendelee kurudi. Unaweza kuzipanga utakavyo kulingana na hali yako, ila ya kwanza usiiruke.

Hatua ya 1: Mtazame vizuri unayemwomba

Wengi tumefundishwa kung'ang'ana katika maombi kwa mfano wa mjane na kadhi, Luka 18:1-8. Mjane hana mume wa kumsemea, hana cha kumhonga mtu, na kadhi mwenyewe hamchi Mungu wala hajali watu. Anachoweza ni kumwendea tu, leo na kesho na keshokutwa, hadi kadhi anasema atampa haki yake asije akamchosha.

Mfano huu mara nyingi huhubiriwa kana kwamba Mungu ndiye kadhi: mpigie kelele, mwisho atachoka na kukupa. Ukiomba kwa picha hiyo utachoka wewe kwanza. Yesu anafundisha kinyume chake. Kama dhalimu asiyemjua mjane hatimaye alisikia, sembuse Mungu, ambaye wateule wake wanamlilia mchana na usiku? Katika Luka 11 anafanya vivyo hivyo. Anaanza na rafiki aliyelala na watoto wake, mlango umefungwa, hataki kusumbuliwa usiku wa manane. Kisha anageukia baba na mtoto: mtoto akiomba samaki atapewa nyoka? Akiomba yai atapewa nge? Tunarudi kwa Mungu kwa sababu ni Baba, na mtoto hahitaji sababu nyingine ya kurudi kwa babaye.

Kwa hiyo, kwa siku tatu za kwanza, usiombe jambo lako kabisa. Soma Luka 11:5-13 na Luka 18:1-8 kwa sauti, asubuhi na kabla ya kulala, na umshukuru Mungu kama Baba kwa mambo uliyoyaona kwa macho yako. Kwa mwenye uchungu hili ni gumu, tena sana. Lakini mtu anayemwomba Mungu huku moyoni akimwona kama afisa mkali nyuma ya dirisha hawezi kudumu, hata awe na bidii kiasi gani.

Hatua ya 2: Litaje ombi lako, kisha liandike

Bartimayo alikuwa kipofu kando ya njia ya Yeriko, akipiga kelele huku watu wakimkemea anyamaze. Kila mtu aliona shida yake. Hata hivyo Yesu alimuuliza: "Wataka nikufanyie nini?" Akamwacha aseme kwa kinywa chake.

Maombi yetu mengi hufifia kwa sababu hayana umbo. "Bwana, ibariki familia yangu" ni sala nzuri, lakini hutajua imejibiwa lini. Chukua daftari la kawaida, lile la kurasa chache linalouzwa dukani, na ukurasa mmoja uwe wa jambo hili peke yake. Andika hivi:

*Tarehe niliyoanza. Jina la mtu ninayemwombea. Ninaomba: aache pombe, arudi kulala nyumbani, aanze tena kuongea na mwanawe mkubwa. Andiko ninalosimamia. Anayeomba pamoja nami.*

Chini acha nafasi. Hapo utaandika kila kinachotokea, hata kama ni kidogo: Jumapili alikaa nyumbani, alimuuliza mtoto kuhusu shule. Mtu anayeombea jambo kubwa husahau upesi mambo madogo yaliyobadilika, na baada ya mwaka anasema hakuna kilichotokea, wakati yapo mengi.

Ukishaandika, lichunguze ombi lenyewe. Yakobo 4:3 inasema wazi kwamba wapo waombao wasipate kwa sababu wanaomba vibaya, ili wavitumie kwa tamaa zao. Ombi la kumchukua mume wa mwenzio lifute. Ombi la jirani aanguke biashara yake ili yako isimame, lifute pia. Na yale maombi ya kutaka adui afe kwa moto, ambayo siku hizi husikika sana kwenye mikesha, yapime kwa Mathayo 5:44, ambapo Yesu anaagiza tuwaombee wanaotuudhi. Kung'ang'ana hakulisafishi ombi baya.

Hatua ya 3: Tafuta Neno la kusimamia, ulisome pamoja na mistari inayolizunguka

Andiko hukupa maneno siku ambazo huna yako. Lakini usilichomoe tu. Mfano ni Yeremia 29:11, mstari unaoandikwa kwenye kalenda, fulana na kadi za harusi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA." Mstari wa 10, ambao hauandikwi kwenye fulana, unasema itatimia miaka 70 Babeli kwanza. Na katika mstari wa 5 hadi wa 7 watu hao hao wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wauombee amani mji waliopelekwa utumwani. Ahadi ni ya kweli, na ndani yake mna kungoja kurefu na maisha ya kila siku. Ukilisoma hivyo, andiko linakuandaa kwa miaka badala ya kukuvunja moyo baada ya wiki mbili.

Tena, kuwa na ahadi hakuondoi haja ya kuomba. Eliya aliambiwa na Mungu mwenyewe kwamba mvua itakuja, 1 Wafalme 18:1. Juu ya Karmeli aliinama uso wake kati ya magoti, akamtuma mtumishi kutazama baharini, na mtumishi alirudi kusema hakuna kitu. Akamwambia aende tena, hadi mara ya saba. Ilikuwa ahadi ya Mungu, na bado nabii alikaa chini kuiombea.

Hatua ya 4: Weka saa, mahali, na maneno machache

Danieli aliomba mara tatu kwa siku, chumbani mwake juu, madirisha yakielekea Yerusalemu, na mfalme alipotoa sheria ya kukataza sala hakubadilisha ratiba. Usianze na mkesha wa usiku kucha. Anza na dakika 10, saa ile ile, mahali pale pale: pembeni mwa kitanda kabla watoto hawajaamka, kwenye kiti cha nyuma cha daladala asubuhi, kanisani wakati wa mchana kama mlango huachwa wazi. Simu iache mbali. Muda mfupi unaoushika kila siku utakufikisha mbali kuliko saa tano za Ijumaa moja halafu mwezi mzima kimya.

Maneno yanaweza kuwa haya, na unaweza kuyarudia yalivyo:

*Baba, ni mimi tena. Nimekuja kwa habari ya (taja jina). Wewe unamjua kuliko mimi. Ninaomba (taja ombi). Umesema (taja andiko). Nisaidie leo nifanye sehemu yangu, na unilinde nisikate tamaa. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.*

Wengine huogopa kurudia maneno kwa sababu Yesu alikataza kupayuka-payuka, Mathayo 6:7. Anachokemea pale ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Yeye mwenyewe katika Gethsemane aliomba mara tatu, na Mathayo 26:44 inasema mara ya tatu alisema maneno yale yale. Kwa hiyo sala yako ikiwa ile ile ya jana, usione haya. Wala huhitaji sauti kubwa, kama tutakavyomwona Hana.

Hatua ya 5: Jua la kufanya siku za ukavu

Hapa ndipo watu wengi huachia njiani. Siku zitakuja utakapopiga magoti na kuona kama mbingu ni shaba. Utasinzia. Utakumbuka jirani aliyeomba mara moja akapata. Mtu atakuambia kwa nia njema kwamba imani yako ni ndogo, na utalala na maneno hayo.

Kwanza, lalamika, ila ulalamikie kwa Mungu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imewekwa ndani ya Biblia iwe sala. Siku ambayo huna sala yako, isome hiyo kwa sauti halafu unyamaze. Umeomba.

Pili, ukiwa na mashaka, yaombee hayo mashaka. Baba wa kijana aliyepagawa na pepo katika Marko 9 hakuwa na imani iliyokamilika, wala hakujifanya anayo. Alipaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mwanawe siku ile ile. Namshukuru Mungu kwamba mstari huo uliandikwa, maana ungekosekana wengi wetu tusingethubutu kuomba.

Tatu, mwangalie Hana, 1 Samweli 1. Mwaka baada ya mwaka alipanda kwenda Shilo na mumewe Elkana, na kila mwaka mke mwenzake Penina, aliyekuwa na watoto, alimchokoza hadi akalia na kushindwa kula. Mumewe alimpenda, lakini swali lake linaonyesha hakuelewa: mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Siku moja baada ya watu kula na kunywa, Hana aliondoka akaomba peke yake. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli, ameketi kwenye kiti karibu na mwimo wa mlango, akamtazama kinywa chake na kudhani amelewa. Mwanamke aliyebezwa nyumbani anabezwa tena na mtumishi wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu. Angeweza kuondoka na asirudi tena. Alijibu kwa heshima kwamba hakunywa mvinyo wala kileo, bali amemimina roho yake mbele za BWANA. Ndipo Eli akambariki.

Sasa soma mstari wa 18 taratibu. Hana alikwenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Mimba haikuwa bado. Penina alikuwa bado kule hemani na watoto wake. Hana alikuwa amekabidhi jambo lake, na kilichotangulia kubadilika ni kwamba sasa aliweza kula. Kama umefika mahali huli wala hulali kwa ajili ya jambo unaloliombea, omba kwanza hilo: upewe nguvu ya kula na kulala wakati jibu halijafika.

Na ukishindwa hata hayo, kaa tu kimya dakika zako 10. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Hatua ya 6: Pata watu wawili au watatu

Marko 2 inasimulia watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa dari kule Kapernaumu. Yesu "alipoiona imani yao" ndipo aliposema na mgonjwa. Zipo siku mgonjwa hubebwa na imani ya wenzake, na hakuna aibu ndani yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa hapa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala, wakafungua Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliowaka Gahini miaka ya 1930 ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Desturi ya ushirika iliyokuzwa na uamsho huo, ya watu kukutana kila wiki, kutubu waziwazi na kuombeana, inaendelea hadi leo. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo. Huhitaji kwenda mbali.

Chagua kwa uangalifu, lakini. Tafuta mtu anayetunza siri, maana kuna ombi linalotajwa Jumatano kwenye maombi na kufika sokoni Alhamisi. Tafuta mtu atakayekuuliza habari zako bila kukushinikiza ushuhudie kabla ya wakati. Na umkimbie yeyote anayekuambia jibu lako lina bei: mafuta ya kununua, maji ya kununua, au sadaka maalumu ya kufungua mlango. Petro alipoletewa fedha na Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, Matendo 8:20.

Hatua ya 7: Ukifunga, funga kwa akili

Danieli aliomboleza wiki tatu nzima bila kula chakula kitamu, nyama wala mvinyo, kwa hiyo kujinyima sehemu ni kufunga pia. Malaika alipofika, Danieli 10:12, alimwambia maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Zile siku nyingine hazikuwa za kumfanya Mungu asikie.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo azungumze na daktari kwanza, au afunge kitu kingine: soda, televisheni, mitandao. Dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV haziachwi kwa sababu ya mfungo, wala kwa sababu mtu ametabiriwa kupona. Aliyeponywa ataonekana kwa vipimo, na daktari ndiye atakayemwachisha.

Hatua ya 8: Fanya sehemu yako huku unaomba

Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, alisikia habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka mwezi Kisleu, akapata nafasi mbele ya mfalme mwezi Nisani, karibu miezi minne baadaye. Katika kungoja huko aliomba na kufunga. Lakini mfalme alipouliza anataka nini, Nehemia alikuwa na majibu tayari: muda wa safari, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti. Mtu hapati orodha kama ile kwa kukurupuka. Aliipanga wakati anaomba.

Unaombea kazi? Tuma barua za maombi, uliza watu, jifunze kitu kipya. Unaombea mtoto? Nendeni hospitali wote wawili mkapimwe, mume na mke, kwa sababu tatizo si la mwanamke peke yake kama jamii inavyopenda kudhani. Unaombea mume anayekupiga? Ondoka mahali pa hatari kwanza, umwombee ukiwa salama.

Hatua ya 9: Mwachie Mungu njia ya kujibu

Monika, mama wa Agostino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alizaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwanawe aliacha imani ya mama yake akafuata Wamanikayo, kundi la dini lililofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana, na Monika alimlilia Mungu zaidi ya miaka 10. Alimwendea askofu mmoja amsihi azungumze na kijana. Askofu alikataa, akamwambia amwache, amwombee tu kwa Bwana, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Wazazi wenye watoto waliopotoka, shikeni ushauri huo. Kuna wakati wa kuacha mahubiri ya mezani.

Kisha mwaka 383 Agostino akataka kuhamia Roma. Monika aliomba usiku kucha asiondoke, katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari ya Karthago. Asubuhi merikebu ilikuwa imeondoka, mwanawe alimdanganya. Ombi la usiku ule lilikataliwa. Ila safari hiyo ilimfikisha Agostino Milano, akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri, akaongoka mwaka 386 na kubatizwa Pasaka ya 387. Agostino mwenyewe aliandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichoomba siku zote. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu fungua daftari, utenganishe ombi lenyewe na njia uliyoipanga wewe. Ombi lishike. Njia iachie.

Wakati mwingine jibu ni hapana. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondolewe, akaambiwa "Neema yangu yakutosha", akaacha kuomba uondolewe. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa. Ndipo Daudi alipoondoka chini, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu, kisha akarudi kwake na kula, 2 Samweli 12:20. Hakuna mahali Biblia inaposema imani yake ilipungua, na wewe usimwambie hivyo mtu aliyefiwa, iwe msibani au baadaye.

Likikufika hilo, usiuchane ukurasa. Andika tarehe na jinsi jambo lilivyoishia. Pumzika siku chache, uwaruhusu wenzako wakuombee wewe. Kisha fungua ukurasa mpya na uandike majina ya waliobaki, mjane, watoto, mama mzazi, na kando ya kila jina hitaji lake la sasa: ada ya muhula, kodi ya nyumba, usingizi.